Ducati au MV Agusta? Kabla hujajibu, pita kwanza barabara ya Chale

Picha ziliingia saa saba usiku. Ya kwanza, Ducati 959 Panigale, nyekundu kama pilipili. Ya pili, MV Agusta F3 800, nyekundu na fedha, na paipu tatu za moshi zimepangwa upande mmoja kama zumari. Chini yake binamu yangu alikuwa ameandika neno moja tu: "Nichagulie."

Binamu yuko Doha mwaka wa saba sasa. Kwao ni Chale, huku Kwale, ukishapita Diani na Kinondo, karibu na kile kisiwa ambacho wageni hupelekwa kwa boti na maji yakitoka huvushwa kwa trekta. Pikipiki zote mbili ni za mkono wa pili, na hela anazo. Shida ni kwamba hela zenyewe zilikuwa na kazi tangu zamani: mabati ya nyumba ya mamake na injini ya boti ya babake.

"Disemba nakuja nayo nyumbani," akaongeza. "Ukunda nzima itasimama."

Usimcheke. Hata wewe unayesoma hapa, simu yako ikikaguliwa haitakosa picha ya ndinga ambayo hujawahi kuigusa. Na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nikageuza karo kuwa kamera, sina mdomo wa kumhubiria mtu kuhusu matumizi ya pesa. Kwa hiyo niliamua kumjibu swali lake kama lilivyoulizwa. Nikakaa chini nikasoma.

Tuzipe heshima yake

Ducati ilianzishwa Bologna mwaka wa 1926, na mwanzoni ilikuwa ikitengeneza vifaa vya redio. MV Agusta ilizaliwa 1945, vita vikielekea ukingoni, na watu waliokuwa wakitengeneza ndege. Mkongwe Giacomo Agostini alishinda mataji 15 ya dunia, 13 kati ya hayo akiwa juu ya MV. Ukija enzi zetu, Ducati ndiyo inayotamba MotoGP. Francesco Bagnaia alibeba taji la 2022 na la 2023, na Jorge Martín la 2024, wote juu ya Ducati.

Halafu kuna hili ambalo lilinifanya niweke simu chini kidogo. Ducati 916 ya mwaka 1994 na MV Agusta F4 iliyoonyeshwa Milan 1997, pikipiki mbili ambazo wengi huziita nzuri kuliko zote, zilichorwa na mtu mmoja, Massimo Tamburini. Binamu alidhani anachagua kati ya mahasimu wawili, kumbe uzuri unaomkosesha usingizi umetoka kwenye kalamu moja. Kwa hivyo ukichagua kwa macho hutafika popote. Lazima ufungue injini.

Ndani ya chuma

Ducati ina silinda mbili, cc 955. MV ina silinda tatu, cc 798. Zote zinatoa nguvu za farasi kama 150. Boxer 150 ya pale stage ina silinda moja na farasi kama 12. Yaani ukipanda mojawapo ya hizi, umekalia Boxer zaidi ya kumi zilizofungwa kamba moja.

Silinda mbili za Ducati zinavuta kwa kishindo, unasikia kila pigo kifuani. Silinda tatu za MV zinapenda kuzungushwa, na sauti yake inapanda mpaka inakuwa kilio. Ndani ya MV, shafti kuu ya injini inazunguka kinyume na magurudumu, jambo linaloisaidia kulala na kuinuka haraka kwenye kona. Kama uamuzi ni wa masikio na kona, MV inachukua.

Lakini pikipiki si ya siku moja. Valvu za Ducati hazirudishwi na springi kama za Boxer. Kuna kijimkono cha chuma kinachozifunga, mtindo unaoitwa desmo, na kuzipima ni kazi ya fundi aliyeisomea. Kwenye 959 kazi hiyo inafika kila kilomita 24,000. Ni gharama, ila angalau unajua inakuja lini, na kampuni yenyewe imetulia: tangu 2012 iko ndani ya familia ya Volkswagen, kupitia Audi.

MV nayo imehama nyumba kama mpangaji mwenye deni. Harley-Davidson waliinunua 2008, wakaiachia 2010. Baadaye ikaingia mikononi mwa akina Sardarov, KTM wakachukua hisa nyingi 2024, mwaka huohuo KTM wenyewe wakafilisika nusura wafunge, na 2025 MV ikarudi kwa Sardarov. Wewe unayesubiri kipuri cha breki, hizo si habari za biashara. Ni habari za pikipiki yako kukaa gereji miezi mingapi.

Kwa hiyo kwa karatasi tu, jibu langu lilikuwa Ducati.

Sasa ilete Chale

Hapo ndipo nilipovaa viatu. Nilipanda boda kutoka Ukunda hadi Chale nikiwa na swali moja kichwani: hapa ningekuwa juu ya Panigale, ningekuwa nafanya nini?

Barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga ina lami nzuri, sikatai. Lakini ndani ya miji sheria ni kilomita 50 kwa saa, na hizi pikipiki gia ya kwanza peke yake inaweza kupita 100. Hata kama hujali sheria, kuna matuta. Tumbo la pikipiki ya mbio liko chini, limefunikwa plastiki ghali. Boxer inapanda tuta na gunia mbili za nazi bila kuuliza. Panigale italipanda kwa kubembelezwa, kila siku, kila tuta.

Kuna joto pia. Ile silinda ya nyuma ya Ducati inapumua karibu na paja lako. Ukiwa kasi upepo unakusaidia. Ukiwa umekwama pale makutano ya Ukunda saa saba mchana, nyuma ya tuktuk na mkokoteni, unachomeka kama mshikaki.

Ukiacha lami kuelekea Chale ndipo utajua hujui. Njia ni mchanga na mawe ya matumbawe, na tairi za mbio ni laini kama soli ya ndala. Upepo wa bahari unaleta chumvi usiku kucha. Muulize mvuvi yeyote wa Gazi chumvi inafanya nini kwa bolti.

Yule boda aliyenibeba ana Boxer yenye umri wa miaka mitano. Nikamwuliza ikiharibika inakuwaje. Akacheka. Fundi yuko chini ya mwembe, spea ziko dukani Ukunda, na saa mbili baadaye yuko barabarani. Nikamwonyesha picha za binamu. Alizitazama kwa muda, kwa mapenzi kabisa, kisha akauliza: "Hii kiti cha abiria kiko wapi?"

Na bado hatujafika bandarini. Kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, ada ya IDF, ada ya reli. Hiyo bei aliyotajiwa Doha ni mlango tu, nyumba yenyewe iko mbele.

Nilichomjibu

Sikumwambia aache. Mtu aliyefanya kazi miaka saba juani ana haki ya kutamani kitu ambacho hakina faida. Nilimwandikia hivi:

"Chukua Ducati. Lakini inunue huko, iendeshe huko, iuze huko. Barabara ni pana, mafundi wapo, na Lusail wamekuwa wakiandaa MotoGP tangu 2004, kwa hiyo kuna mahali pa kuifungulia bila kuua mtu. Usiguse hela za mabati na za boti. Kama ukizitoa hizo hazibaki za Ducati, basi si wakati wake, subiri. Disemba panda ndege na begi lako. Nyumbani utanunua Boxer, na itakulipa."

Na wewe ambaye binamu yako hayuko Doha, maswali ni yaleyale hata kama unachagua kati ya Boxer na TVS. Nani ataitengeneza? Itapita barabara gani kila siku? Itarudisha nini? Na hela unayoishika ilikuwa ya nani kabla hujaiona ile picha? Pikipiki mbili nzuri zikikushinda kuchagua, acha kuzitazama zenyewe, tazama mahali zitakapolala.

Tiki za bluu zilikuja saa hiyohiyo. Jibu halikuja. Siku mbili kimya.

Siku ya tatu zikaingia picha nyingine mbili. Injini za boti, Yamaha zote, moja ya farasi 15, nyingine ya 40. Chini yake: "Na hizi?"

Kuhusu Ducati mpaka leo hajasema kitu. Lakini hilo swali la pili sikulijibu. Nilimwambia ampigie babake.