Mwandiko wa Kikabari (3): Mkataba wa Udongo

Juma lililopita tuliwaona makarani wa Uruk, ile Ereku ya kitabu cha Mwanzo, kusini mwa Iraki ya leo. Yapata mwaka 3200 KK walihesabu kondoo na shayiri kwa kuandika kwa ncha ya tete juu ya udongo mbichi, na baadaye alama zao zikapata umbo la kabari. Leo tuufuate mwandiko huo ulipotoka ghalani ukaingia barazani kwa wafalme kuandika mikataba.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya kulijali jambo hili. Hapa chini ya Mlima Meru ulitiwa saini mkataba wa amani ya Rwanda tarehe 4 Agosti 1993, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 30 Novemba 1999, na wa Burundi tarehe 28 Agosti 2000.

Yapata mwaka 1259 KK, Ramses II wa Misri na Hattusili III, mfalme wa Wahiti katika Uturuki ya leo, walipatana. Majeshi ya mataifa hayo yalikuwa yamepigana Kadesh, nchini Syria, kiasi cha miaka 15 kabla. Waliandikiana kwa Kiakadi, lugha ya Mesopotamia, ambayo haikuwa ya Mmisri wala ya Mhiti. Kikabari chenyewe si lugha. Ni alama zilizobeba Kisumeri, Kiakadi, Kihiti na Kielamu, kama herufi za Kiarabu zilivyobeba Kiswahili pwani kwa karne nyingi.

Mkataba ulichorwa kwenye mabamba ya fedha. Mabamba hayo yamepotea. Nakala za udongo zilibaki katika hifadhi ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, hadi Hugo Winckler alipozifukua mwaka 1906. Naona hilo ni la haki: fedha huibwa ikayeyushwa, udongo haumvutii mwizi.

Wafalme waliahidi kutoshambuliana na kusaidiana vitani. Lakini kifungu kinachonigusa zaidi ni cha wakimbizi: atakayekimbilia upande wa pili atarudishwa, ila asiuawe, wala mkewe na watoto wake wasidhuriwe. Zaidi ya miaka 3,200 baadaye, wajumbe wa Rwanda waliketi Arusha na swali hilohilo, wakatia saini itifaki ya kuwarejesha wakimbizi mwezi Juni 1993.

Maandishi ya mkataba wa Rwanda hayakuzuia mauaji ya kimbari yaliyoanza huko Aprili 1994, na kumbukumbu za mahakama iliyoyashughulikia zimehifadhiwa hapahapa Arusha, eneo la Lakilaki. Mkataba wa Ramses na Hattusili ulidumu hadi dola ya Wahiti ilipoanguka, yapata mwaka 1180 KK.

Walimu wa historia wa Arusha na Arumeru, mnapofundisha chanzo cha maandishi msiishie kwenye hesabu za kondoo. Wasomesheni wanafunzi mkataba huo wa kale na ule wa Rwanda pamoja, kifungu kwa kifungu.