Mtoto Anakataa Samaki: Tufanye Namna Gani?



Neno letu la mara hii halitoki darasani, linatoka jikoni. Tunajua vijana wengine watacheka na kusema, "Kapita sasa anatufundisha kulisha batoto?" Wacheke tu. Wengi wetu hapa ni yaya ku nyumba. Likizo ikifika, mama anakwenda shamba ao sokoni, na sahani ya mdogo inabaki mikononi mwetu. Ndipo vita inaanza:

"Kamata, kula."

"Yaya, minakatala! Inanuka!"

"Kula, we mutoto! Batoto bengine banalia juu ya samaki, na weye unakatala?"

Mtoto anafunga meno. Yaya anakasirika, anamshika pua ili kinywa kifunguke, anasukuma tonge. Mtoto anatapika yote, hata bukari aliyokwisha kula vizuri. Kisha kila mmoja analia ku upande wake, na samaki iliyonunuliwa kwa franga ya mama inakwenda kwa mbwa. Nani hajaona jambo hili? Basi tulikaa, tukauliza kina mama, tukamwuliza munganga, tukasoma kidogo, na haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza tujue sababu ya kuhangaika. Chakula chetu cha kila siku ni bukari. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini haifiki hata gramu 2. Unga wa mahindi ni bora, unapata kama 8. Lakini gramu 100 za samaki mbichi zina protini karibu 18, na ya kukauka inapita 50, kwa maana maji yamekwisha kutoka. Mtoto ana tumbo ndogo. Akishiba bukari na mchuzi tu, ameshiba kweli, lakini mwili haukupata cha kujengea. Katika miaka ya 1930 munganga mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi kule Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Aliona watoto waliovimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu, ngozi inabanduka, hawachezi tena. Mwaka 1935 aliandika jina ambalo wenyeji wa kule waliita ugonjwa huo: kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa matitini kwa kuwa mdogo wake amekuja. Ndugu zetu wa Kivu wanaita bwaki. Waganga wa leo wanasema ukosefu wa protini peke yake hautoshi kueleza ugonjwa huu wote, lakini wote wanapatana kwamba mtoto anayekula chakula cha namna moja tu yuko katika hatari, zaidi sana kati ya mwaka mmoja na mitatu.

Hapa tuweke jambo moja mbele ya mengine yote. Kukataa chakula kunaweza kuwa alama ya ugonjwa wenyewe. Bonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu, achilia. Kama shimo linabaki, na miguu yote miwili iko hivyo, usimpigie kelele juu ya samaki, tena usimlazimishe kula nyama nyingi eti apate nguvu upesi. Mpeleke lupitalo siku ile ile. Kule wanaanza pole pole na maziwa ya dawa yenye protini kidogo, kwa sababu mwili wake hauwezi kubeba chakula kizito kwa mara moja.

Sasa tuseme juu ya mtoto mzima, mwenye kucheza na kukimbia, ila samaki hataki. Kwa nini?

Watu wa Kinkondja na wa Bukama wanatucheka sisi wa Kamina, wanasema watoto wao hawana shida hii. Ni kweli, na sababu yake haiko siri. Mtoto wa kule amezaliwa juu ya maji. Watu wamevua samaki katika ziwa Kisale na ziwa Upemba na mto Lualaba tangu zamani sana: katika makaburi ya kale ya Sanga, ambayo wataalamu walianza kuyachimba mwaka 1957, kulipatikana vyombo vya chuma vya kuvulia samaki, na makaburi mengi ya pale yamepita miaka 800. Mtoto wa ziwa anaona samaki inaruka katika mtumbwi asubuhi, saa sita iko katika chungu. Harufu yake ni ndogo, nyama yake ni laini.

Lakini Kamina iko juu, mbali na maziwa. Ni mji wa reli. Njia ya reli kutoka Bukama kupita hapa mpaka Ilebo ilimalizika mwaka 1928, na ile ya Kabalo ilifika mwaka 1956, ikatufunga na Kalemie na ziwa Tanganyika. Samaki yetu inakuja kwa njia hizo, ao juu ya lori na baiskeli, na safari ni ndefu. Kwa hiyo lazima ikaushwe kwa moshi, ao kwa jua, ao kwa chumvi. Hata ile Thomson ya barafu imetoka mbali kabisa, katika bahari. Basi mtoto wetu anakutana na samaki katika namna yake ngumu zaidi: nyeusi kwa moshi, ngumu kama ngozi, chumvi inachoma ulimi, na jicho linamtazama kutoka sahani. Sisi wenyewe tungekuwa na miaka miwili tungekimbia.

Tena wataalamu wa watoto wanaeleza kwamba kati ya miaka miwili na sita hivi, karibu kila mtoto anaogopa chakula asichokijua. Si kiburi. Wameona tena kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu kipya mara 8, mara 10, hata mara 15, mbele ya kukikubali. Sisi kwa kawaida tunajaribu mara mbili, ya tatu tunaleta fimbo. Hesabu vizuri: kama nyumba inapika samaki mara moja kwa juma, mara kumi ni zaidi ya miezi miwili. Uvumilivu wa namna hiyo si wa siku moja.

Na kumlazimisha je? Hakusaidii. Mtoto aliyeshikwa pua anakumbuka pua yake, na kesho akisikia harufu ya samaki tu, tumbo linafunga. Tena iko hatari: anapolia anavuta pumzi kwa nguvu, na tonge ao mwiba inaweza kuingia katika njia ya hewa. Vivyo hivyo kumwahidi bonboni, "Ukila samaki nitakupa." Anajifunza kwamba bonboni ndiyo chakula kizuri na samaki ndiyo kazi. Wengine hawatakubaliana nasi hapa, tunajua, lakini wajaribu waone.

Njia iliyo bora, kadiri tulivyosikia kwa kina mama wengi, ni kuanza na ndagala. Samaki hizi ndogo za Tanganyika zinavuliwa usiku kwa taa, zinaanikwa, na zinaliwa nzima, kichwa na mifupa pamoja. Faida yake ni hapo, kwa kuwa mifupa ile midogo inatoa kalisiamu kwa meno na mifupa ya mtoto. Chagua zilizokauka vizuri na zisizo na ukungu. Ondoa mchanga, osha, kausha tena juani ao katika sufuria juu ya moto mdogo mpaka zivunjike kwa vidole. Twanga katika kinu, chunga kwa chujio ya unga. Unga ule utiwe katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, nusu kijiko kwanza, kisha kijiko kizima, na uchemke pamoja na uji. Mtoto haoni jicho, haoni mwiba. Anapata ladha tu, kidogo kidogo, na ladha ndiyo inayozoeleka. Akiwa mkubwa zaidi, unga huo huo unakwenda katika sombe ao katika mchuzi wa karanga. Karanga inafunika harufu kabisa. Dada mmoja wa interna alituambia kwamba mdogo wake alikula sombe yenye ndagala mwezi mzima na huku anasema kila siku kwamba yeye hali samaki. Sisi hatupendi kumdanganya mtoto kwa muda mrefu, akiuliza, aambiwe. Lakini asipouliza, ale.

Kwa samaki ya chumvi, kazi ni maji. Iloweke usiku mzima, badili maji mara mbili ao tatu, kisha chemsha na umwage maji yale. Mafigo ya mtoto mdogo hayawezi kushindana na chumvi nyingi. Ya moshi nayo iloweke katika maji ya moto mpaka iwe laini, ondoa ngozi nyeusi, ndipo upike na tomati na kitunguu na mafuta ya ngazi.

Juu ya miiba. Kambale haina miiba midogo mingi, inafaa kuanza nayo, ijapokuwa jamaa zingine haziili kwa sababu haina magamba, wanafuata Mambo ya Walawi sura ya 11, tuwaheshimu. Samaki yo yote, bandua nyama kwa vidole vyako mwenyewe, isage kati ya vidole mbele ya kuiweka katika sahani ya mtoto. Jicho linadanganya, kidole hakidanganyi. Na tunawaomba, samaki ya mtoto iliwe mchana. Usiku taa ni ndogo, ao umeme umekatika, yaya ana usingizi, na hapo ndipo mwiba unapita.

Mwiba ukikwama, sisi wote tumefundishwa kumeza tonge kubwa ya bukari ili isukume. Munganga tuliyemwuliza alitikisa kichwa. Tonge inaweza kuuchoma mwiba ndani zaidi. Mwache mtoto akohoe. Ukiuona karibu, utoe taratibu. Usipouona, usiingize kidole kuutafuta. Maumivu yakibaki, ao anatoa mate mengi na hawezi kumeza, ni lupitalo. Kama hapumui, hakohoi, halii, hapo usingoje: mwinamishe kichwa chini, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja, huku mwingine anakwenda kuita watu.

Kuna jambo lingine, nalo ni gumu kidogo kuandika. Katika nyumba nyingi kipande kikubwa ni cha baba, na watoto wanapata mchuzi. Wazee wengine wanasema mtoto akizoea mnofu atakuwa mwizi. Hatusemi baba asiheshimiwe. Sisi wenyewe tunangoja siku ya kuwa baba. Lakini mtoto aliyeambiwa miaka miwili, "Usiguse, ni ya baba," namna gani siku ya tatu unamwambia, "Kula, ni nzuri"? Hakuzoea. Tumeona nyumba moja ambapo baba anakata kipande kidogo cha samaki yake mbele ya wote na kumpa mdogo wa mwisho kwa mkono wake. Mtoto yule anakula samaki kuliko wote, kwa sababu imetoka ku sahani ya baba. Kula pamoja kunafundisha kuliko maneno. Na ninyi wakubwa wa interna mnaosukuma samaki pembeni mezani na kukunja uso, wadogo wa madarasa ya chini wanawatazama.

Pengine lakini mtoto ana haki. Kama samaki imeharibika, pua yake inaweza kujua mbele ya yako. Thomson iliyoyeyuka na kukaa juani inaweza kutoa sumu isiyokwisha kwa kuchemsha: uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mwili unawasha. Tena wako watoto ambao mwili wao unakataa samaki kabisa, hata iliyo safi. Wakila, midomo inavimba, vipele vinatoka, wanatapika, ao pumzi inakuwa ngumu. Huyo asijaribiwe mara kumi, hata mara ya pili asijaribiwe, mpaka munganga aseme. Na kama samaki fulani ni kijila cha jamaa, hilo ni neno la wazee, si la sisi yaya.

Kwa watoto hao, na kwa wale waliofika mara ya kumi na tano na bado wanafunga meno, samaki si chakula pekee chini ya jua. Maharagi yapo, karanga zipo, yai lipo. Vinkubala zikitoka, zina protini kama samaki ya kukauka, na hazina mwiba hata moja. Tunamjua mtoto mmoja hapa Kamina aliyekataa samaki za kila namna, ya moshi, ya chumvi, ya barafu, lakini vinkubala anamaliza sahani na kulamba vidole. Mama yake aliacha kugombana naye. Kila mwezi anampeleka kupimwa, na mstari ku karatasi yake unapanda.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho