Mada za Mazungumzo na Maadili kwa Wanaojifunza Kiingereza: Mfano wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Utangulizi

Mtu hazungumzi lugha tupu, huzungumza jambo. Kauli hii ni nyepesi kuitamka, lakini mara nyingi husahauliwa pale lugha ya pili inapofundishwa. Mwalimu wa Kiingereza hushughulikia msamiati, njeo na matamshi, kisha huwapa wanafunzi mada ya kuzungumzia kana kwamba mada ni chombo kitupu cha kutilia maneno. Makala haya yanadhamiria kueleza kwamba sivyo. Kila mada ya maisha ya kila siku, iwe salamu, jamaa, chakula au matumaini ya kesho, huja na desturi yake: nani aulize, nani ajibu, lipi litajwe na lipi lisitiriwe. Mwanafunzi anaponyamaza katika kipindi cha mazungumzo si lazima awe amekosa maneno. Huenda amekabiliwa na swali ambalo adabu aliyolelewa nayo haimruhusu kulijibu kwa namna inayotakiwa.

Hoja hii itafafanuliwa kwa mifano ya Mombasa bara, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi mwa kisiwa. Maeneo haya yanafaa kwa sababu Kiingereza kina historia ndefu humo na kinahitajika mno katika kutafuta kazi, ilhali Kiswahili ndiyo lugha ya kuamkiana, ya kuuziana na ya kuzikana.

Kiingereza katika Mombasa Bara

Upande wa Kisauni ndiko iliko Freretown, makazi yaliyoanzishwa na Church Missionary Society mwaka wa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, ambao tayari walikuwa na ujuzi wa Kiingereza. Katika jamii hiyo ndimo alimotoka James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1934. Jambo hili lina funzo. Mtoto wa jamii iliyosomeshwa na Waingereza alipotaka kusimulia yaliyowapata wazee wake, aliyasimulia kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwapo shuleni na kanisani, lakini mambo mazito ya nyumbani yalikuwa na lugha yake.

Changamwe nayo ni jina la kale. Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa za Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Siku hizi eneo hilo lina uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi, viwanda na sehemu ya bandari, na wakazi wake wametoka Ukambani, Utaita, Nyanza na kwingineko. Likoni, wanakoishi Wadigo pamoja na watu wa makabila mengine, ndiyo njia ya kuelekea hoteli za Diani. Katika maeneo yote matatu, kijana anayetafuta kazi ya bandarini, hotelini au ofisini hutarajiwa kujieleza kwa Kiingereza.

Kijana huyo huweza kujifunza Kiingereza cha kuzungumza mahali pawili. Pa kwanza ni darasani, ambako mada huwa ni mnyama afugwaye nyumbani, michezo ya wakati wa mapumziko, hali ya hewa au matembezi ya likizo. Pa pili ni ufuoni, kuanzia Nyali hadi Shanzu na kusini hadi Diani, ambako vijana wamejifunza kwa kuzungumza na watalii. Huko mada ni bei, sifa na safari. Darasa humpa sarufi bila jambo la kusema. Ufuo humpa ulimi mwepesi, lakini kwa mambo ya kuuza tu. Hapo pote pawili ni nadra kufunzwa kuyaeleza kwa Kiingereza maisha yake mwenyewe na yale anayoyathamini.

Umilisi wa Mawasiliano

Mwanaisimu Dell Hymes, katika makala yake ya mwaka wa 1972, alieleza kwamba kuijua sarufi ya lugha hakutoshi. Mzungumzaji hana budi kujua pia wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, azungumze nini, na nani, wapi na kwa namna gani. Ujuzi huu aliuita umilisi wa mawasiliano. Kwa Waswahili dhana hii si ngeni. Mwana Kupona, katika utendi wake wa karne ya 19, alipomuusia bintiye alimhimiza awe na adabu na autawale ulimi wake. Kwake yeye, kusema vizuri na kuwa mtu mwema ni mambo yanayokwenda pamoja.

Tatizo huzuka pale umilisi wa lugha moja unapogongana na wa lugha nyingine. Zifuatazo ni mada nne ambazo mgongano huo hudhihirika.

Kwanza, salamu na pole. Katika Kiswahili salamu ni mazungumzo kamili. Aulizwaye habari za nyumbani hujibu kwanza kuwa ni njema, hata kama ana mgonjwa ndani, kisha huongeza: "ila mtoto hajiwezi." Jibu la kwanza ni la heshima, la pili ni la habari. Mwanafunzi anayetarajia mlolongo huo katika Kiingereza humwona mzungumzaji wa lugha hiyo kuwa mkavu anapouliza hali na kupita bila kungoja jibu. Neno "pole" nalo huleta utata wake. Mswahili humpa pole aliyejikwaa ingawa si yeye aliyemkwaza. Anayelihamisha neno hilo kwa kutumia neno la Kiingereza la kuomba radhi huweza kujibiwa kuwa hana kosa lolote, akabaki ameduwaa.

Pili, jamaa. Swali la idadi ya kaka na dada huonekana kuwa rahisi kuliko yote. Hata hivyo, mtoto aliyelelewa Mtongwe kwa bibi yake, pamoja na watoto wa ami, wa mjomba na wa halati, huwaita wote ndugu. Akitaja ndugu kumi na mmoja leo na wanne kesho, huonekana hajui hesabu ya watu wa nyumbani kwao. Ukweli ni kwamba Kiingereza kimeweka mpaka mahali ambapo malezi yake hayakuuweka. Isitoshe, wako wazee wasiopenda watoto wahesabiwe hadharani kwa kuchelea kijicho.

Tatu, riziki. Katika mazungumzo ya Kiingereza darasani ni kawaida mwanafunzi kuulizwa mzazi wake anafanya kazi gani. Mtoto wa kibarua wa Changamwe, ambaye babake leo anapakua mizigo na kesho hana kazi, hana jina la kazi la kutaja. Kiswahili kimempa sitara: "yuko katika kuhangaika na riziki." Kauli hiyo ni ya kweli na haimvunjii mzazi heshima. Swali linalodai jina la kazi humvua sitara hiyo mbele ya wenzake, naye huchagua kunyamaza au kusema uongo. Hapa ndipo madhara yanapokuwa makubwa, kwani mtoto huanza kukihusisha Kiingereza na aibu.

Nne, kesho na kujisifu. Mswahili hapangi mambo ya mbele bila kusema "inshallah" au "Mungu akipenda". Aidha, amefunzwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika usaili wa kazi unaofanywa kwa Kiingereza, hutakiwa ataje ubora wake bila haya na aseme kwa yakini atakuwa wapi baada ya miaka mitano. Akijibu kwa unyenyekevu, huhesabiwa kuwa hana ari. Anaweza kuikosa kazi hali sarufi yake haina dosari.

Mada Zitokazo kwa Mwanafunzi

Haifai kuhitimisha kutokana na mifano hii kwamba maadili ya Kiingereza ni mabaya na ya Kiswahili ni mema. Ubishi wa namna hiyo haumsaidii mwanafunzi. Kinachofaa ni kuanza na mada ambazo anazo tayari, kisha kumwonyesha waziwazi mahali ambapo desturi za lugha mbili zinaachana.

Chukua mada ya feri ya Likoni. Hakuna mwanafunzi wa huko asiyekuwa na la kusema juu yake. Waendao kwa miguu huvuka bure na magari hulipa. Je, ni haki? Mzee na kijana wakifika pamoja, nani apishwe? Mtu anayesukuma umati ili awahi kazini ana hoja gani? Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa mwaka wa 2021 kwa waendao kwa miguu, lilileta jambo jingine la kulinganisha. Maswali haya huzaa njeo zote anazotaka mwalimu wa Kiingereza, pamoja na vitenzi vya kushauri na kupinga, na wakati huohuo yanagusa subira, haki na heshima kwa wakubwa.

Hata hivyo, mada ya nyumbani nayo inataka uangalifu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe na watu zaidi ya 270 wakapoteza maisha. Ziko familia za Likoni ambazo kwazo feri si mada ya mazoezi. Mwalimu anayeijua jamii yake hatamlazimisha mtoto kusimulia. Ataiacha mada hiyo ijitokeze, na ikijitokeza atafundisha jinsi rambirambi inavyotolewa katika kila lugha.

Mada ya maji nayo ina utajiri huo. Mombasa hutegemea maji yatokayo mbali, kama vile Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mitaani maji huuzwa kwa mitungi inayosukumwa kwa mikokoteni. Nani huteka maji nyumbani, na kwa nini awe yeye? Je, jirani akiomba mtungi mmoja wakati wa uhaba, apewe au auziwe? Vivyo hivyo kwa harusi, ambapo majirani hupikiana, na kwa mlo wa jioni, ambapo apitaye hukaribishwa naye hushukuru kwanza kabla ya kukubali. Mwanafunzi hapo aelezwe kwamba akishukuru hivyo kwa Kiingereza huenda mwenyeji akadhani ameshiba, akaondoa sahani.

Kuhusu riziki, mabadiliko madogo ya swali hutosha. Badala ya kuuliza mzazi wako anafanya kazi gani, mwalimu aulize watu wa mtaani kwenu hupata riziki kwa njia zipi. Msamiati utakuwa uleule, na sitara ya mtoto itakuwa imehifadhiwa.

Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza kazi hii yamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Katika shule nyingi za Kenya, Kiswahili kimewahi kuhesabiwa kuwa kizuizi cha Kiingereza. Kibao au alama nyingine ilipitishwa mkononi mwa kila aliyenaswa akisema lugha isiyotakiwa, na mwisho wa siku adhabu ikafuata. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kuhusu ukoloni wa fikra. Katiba ya mwaka wa 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, lakini dhana ya uadui haiondolewi na katiba pekee.

Itaondolewa kwa kuonyesha kwamba lugha ya kwanza ndiyo ghala la mambo ya kuzungumzia. Anayeweza kulifungua ghala hilo ni yule aliyesomea isimujamii ya Kiswahili: anayejua tofauti ya ami na mjomba, matumizi ya pole na makiwa, na sababu ya mpiga hodi kuondoka asipoitikiwa mara ya tatu. Kwa hakika, orodha ya mada za mazungumzo iliyoandaliwa kwa pamoja na walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza ingewafaa wanafunzi wa bara kuliko ile iliyotungwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mada ya mazungumzo hubeba maadili, na kwamba ukimya wa mwanafunzi wa Kiingereza huweza kutokana na mgongano wa adabu wala si upungufu wa maneno. Imependekezwa kuwa mada zitolewe katika maisha ya Likoni, Kisauni na Changamwe, zifundishwe kwa kulinganisha desturi, na zihifadhi sitara ya mwanafunzi na jamaa zake. Mwanafunzi atakayefunzwa hivyo ataweza kujinadi kwa ujasiri katika chumba cha usaili na kurudi nyumbani kuwaamkia wazee wake kwa unyenyekevu, akijua kwamba hakuna kati ya hayo mawili linalomfanya kuwa mnafiki. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na lugha mbili.