Ganda la Chungwa na Maji Yenye Rangi

Fiqhi hutufundisha kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Rangi ndiyo inayoonekana kwanza. Chembe chache za rangi ya nguo hubadili ndoo nzima, na zikifika mtoni au baharini kwa wingi huzuia mwanga wa jua kuifikia mimea ya majini. Baadhi ya rangi hizo, zikivunjika, huacha kemikali zenye sumu.

Jambo hili haliko mbali na nyumba zetu. Akina mama wanaotengeneza batiki hubaki na maji ya kusuuzia, na mara nyingi maji hayo humwagwa uani. Sehemu kubwa ya ardhi ya mwambao wetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi: kinachomwagwa juu hushuka upesi, na pengine kisima kiko hatua chache tu kutoka hapo.

Viwanda huweza kuyasafisha maji kama hayo kwa mkaa maalumu, lakini mkaa huo ni ghali. Ndipo wataalamu wakageukia jaa. Mwaka 2002 watafiti wa Taiwan walieleza walivyoyajaribu maganda ya ndizi na ya machungwa kwa rangi sita. Kwa ile iliyonata vizuri zaidi, gramu moja ya ganda ilinasa takriban miligramu 20.

Ganda lina nyuzi za selulosi pamoja na pektini, ile inayogandisha jamu. Ndani yake mna sehemu za asidi ambazo, zikiwa majini, huwa na chaji hasi. Rangi kama methilini bluu ina chaji chanya. Basi viwili hivyo huvutana, na rangi hunata juu ya ganda.

Hata hivyo ganda bichi halifai, kwani hutoa rangi na sukari yake na kuyachafua maji upya. Huoshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha hurekebishwa. Likilowekwa katika soda kali itumikayo kutengenezea sabuni, pektini hubadilika na sehemu zinazonasa rangi huongezeka. Wengine hulipasha moto pamoja na asidi ya sitriki, ile iliyomo katika ndimu, ili kuziongeza zaidi.

Lakini tusifanye pupa. Rangi nyingi za kutilia pamba zina chaji hasi kama ganda lenyewe, hivyo husukumana nalo. Kwa hizo ganda huhitaji matayarisho mengine. Tena ganda haliiangamizi rangi, bali huihamisha tu. Likishajaa likatupwa ovyo, mvua yaweza kuirudisha ardhini. Na maji yaliyotakata machoni si lazima yawe salama kinywani, kwani chumvi na kemikali nyingine huweza kubaki humo. Soda kali nayo huunguza ngozi na macho. Si kitu cha kuwekwa jikoni penye watoto.

Basi kulirekebisha ganda tuwaachie walio na maabara. Letu ni kupima rangi isizidi haja ya kitambaa, na kutomwaga maji yake karibu na kisima. Jirani anayechota hapo alfajiri ili atie udhu ana haki juu yetu.