SPESA ZA MAGURUDUMU: JE, ZINAFAA KATIKA MAGARI YA USHIRIKA?

Msimu wa ufuta, mbaazi na mahindi unapoanza, vyama vya msingi vya upande wa Misima, na kote baina ya Handeni na Korogwe, hutegemea magari madogo ya mizigo kuyatoa mazao vijijini na kuyafikisha ghalani. Chama chenye pikapu yake huitumia; kisicho nayo hukodi ya mtu binafsi. Miongoni mwa magari hayo yamo yenye magurudumu yaliyotokeza nje kuliko yalivyotoka kiwandani, kwa kuwa baina ya gurudumu na habu pametiwa kipande cha chuma au cha alumini ambacho mafundi hukiita spesa. Hati ya malipo ya kipande hicho hupita mezani kwa katibu kama hati nyingine yoyote ya vipuri, naye aghalabu huitia saini bila kuulizwa wala kuuliza. Makala haya yanaeleza kipande hicho hufanya nini, na kwa nini saini hiyo si jambo dogo.

Spesa ziko za namna mbili. Ya kwanza ni bamba jembamba lenye matundu, la milimita 3 hadi 10 hivi, linalovishwa tu juu ya stadi za gari kabla ya gurudumu kurudishwa. Halina nati zake. Hubanwa na nati zile zile za gurudumu. Ya pili ni nene, kwa kawaida milimita 20 na zaidi: hufungwa kwenye habu kwa nati zake, na yenyewe ina stadi mpya ambazo gurudumu hufungwa juu yake. Ikiwa stadi hizo mpya zimepangwa kwa duara lisilo sawa na la habu, ili ringi za gari la aina moja zikae katika gari la aina nyingine, kipande hicho huitwa adapta. Kwa mfano, Land Cruiser za zamani zina stadi 6 katika duara la milimita 139.7, na nyingi za mfululizo wa 70 zilizotoka tangu 1999 zina stadi 5 katika duara la milimita 150. Ringi za moja haziingii katika nyingine ila kwa adapta.

Wanaofunga spesa si wote wanaotafuta urembo, ingawa urembo ndio ulio mwingi. Wengine wamepata ringi za bei nafuu zisizo za gari lao. Wengine wamefunga tairi pana likawa linasugua springi. Na iko sababu moja yenye uzito kwa watu wa barabara za vumbi. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotiwa injini ya V8 kuanzia 2007 zilipanuliwa ekseli ya mbele ili injini ipate nafasi, ilhali ekseli ya nyuma iliachwa na upana wake wa zamani. Tofauti ni kama milimita 95, yaani karibu sentimita 5 kila upande. Dereva aliyepita njia ya mchanga, au ya matope ya masika, anajua maana yake: magurudumu ya nyuma hayafuati njia iliyokwisha kukanyagwa na ya mbele, bali hukata njia yake mwenyewe, na gari huvutwa huku na huku. Mwenye gari la namna hiyo anayetaka spesa za milimita 48 nyuma ana hoja, na haifai kumjibu kwa dharau.

Ili kumjibu vyema hapana budi kujua gurudumu hushikwa na nini. Wengi hudhani kwamba gari limening'inia juu ya stadi, kama koti juu ya msumari. Sivyo. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo sana, kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake hulikaba gurudumu juu ya uso wa habu. Nati ya stadi ya milimita 12 ikikazwa kwa mkazo wa nyutoni-mita 103, ambao ndio mkazo wa kawaida wa magari madogo ya Toyota, hukaba kwa nguvu ya takriban tani 4. Nati 5 zikikazwa sawasawa ni kama tani 20. Nguvu hiyo ndiyo inayolizuia gurudumu lisiteleze hata kidogo juu ya habu, nayo stadi hubaki na kazi moja tu ya kuvuta.

Hapo ndipo ilipo hatari. Madhali mvutiko wa stadi ni mdogo kiasi hicho, tabaka la rangi, kutu au udongo lililoachwa baina ya nyuso mbili latosha kuuondoa: tabaka husagika gari likitembea, nyuso husogeleana, na mkaba hupotea pasipo nati kuzunguka hata robo. Kisha gurudumu huanza kucheza. Stadi ambazo hazikufanywa kwa kupindwa huanza kupindwa huku na huku maelfu ya mara, na mwisho hukatika, moja kwanza, halafu zilizobaki kwa haraka, kwa kuwa zimeongezewa mzigo wa ile iliyokatika.

Gari lisilo na spesa lina kiungo kimoja cha namna hiyo katika kila gurudumu. Gari lenye spesa nene lina viungo viwili, na kile cha ndani hakionekani. Nati zinazoishika spesa kwenye habu zimefunikwa na gurudumu lenyewe. Utingo mwangalifu huzunguka gari asubuhi na spana mkononi, akazigusa nati zote za nje, akaridhika. Lakini zile za ndani hazikuguswa, wala haziwezi kuguswa mpaka jeki ipandishwe na gurudumu litolewe. Ajali nyingi zinazosemwa kuwa ni za "spesa kukatika" asili yake si ubovu wa madini. Ni kiungo cha ndani kilicholegea ambacho hakuna aliyerudi kukikaza.

Jambo la pili ni mtaimbo. Kadiri gurudumu linavyosogezwa nje, ndivyo uzito wa gari unavyopata urefu wa kuvunjia. Chukuliwe gurudumu la nyuma lililobeba kilo 1,000, mzigo usio wa ajabu kwa pikapu iliyojaa magunia. Spesa ya milimita 30 huongeza juu ya habu na beringi nguvu ya kupinda sawa na mtu aning'inize kilo 30 kwenye ncha ya mtaimbo wenye urefu wa mita moja. Ile ya milimita 48 huongeza kilo 48, karibu nusu ya gunia la mahindi la kilo 100. Na hiyo ni hesabu ya gari lililosimama. Gurudumu likitumbukia shimoni, mzigo wake hupanda mara kadhaa. Beringi ya nje ndiyo hulipa kwanza. Magurudumu ya mbele yana adhabu nyingine: usukani huwa mzito na hupokea kila pigo la barabara, kwa sababu tairi limehama kutoka mahali mtengenezaji alipokusudia lizungukie.

Haki yasemwe hapa. Ringi iliyotengenezwa kutokeza milimita 48 hupinda habu kwa kiasi kile kile cha spesa ya milimita 48. Faida yake ni moja: kiungo kinabaki kimoja, na nati zote zaonekana. Kwa mwenye Land Cruiser ya V8 faida hiyo yatosha kabisa kupendelea ringi za nyuma zenye kina kingine kuliko spesa, hata zikiwa ghali zaidi.

Mabamba membamba yana ubaya wa namna yake, nao wapimika kwa mkono. Nati hukamata salama ikiwa imeingia katika stadi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12 yenye hatua ya milimita 1.5 inataka nati izunguke mara 8 kamili kabla ya kukaza. Bamba la milimita 5 hula mizunguko 3 na zaidi. Yeyote aweza kufungua nati moja na kuhesabu. Ikitoka kwa mizunguko 5, bamba litolewe siku hiyo hiyo, au zitiwe stadi ndefu za kiwanda. Kuna na kosa la kinyume chake katika zile nene: ikiwa spesa ni nyembamba kuliko stadi za asili, vichwa vya stadi hutokeza na kugusa mgongo wa ringi. Nati za nje huonekana zimekaza sana, kumbe gurudumu limekalia ncha tano za chuma, halikukalia uso wa spesa.

Spesa inayostahili kuzungumzwa ni ya chuma cha pua au ya alumini iliyofuliwa, iliyokerezwa nyuso zote mbili zikawa sambamba. Tundu lake la katikati huushika mdomo wa habu barabara, ambao ni milimita 106 kwa Land Cruiser nyingi za stadi 6 na milimita 110 kwa zile za stadi 5, na upande wa nje huwa na mdomo wake wa kuishika ringi. Alumini ya kusubu haifai. Bamba lililokatwa kwa gesi kutoka chuma chakavu halifai, hata fundi wake awe stadi namna gani, kwa kuwa hana namna ya kujua chuma hicho ni cha aina gani. Kuweka spesa mbili moja juu ya nyingine, au kuunga stadi kwa kuchomelea, ni mambo ambayo chama hakiwezi kuyatetea mbele ya mtu yeyote.

Mataifa hayakukubaliana juu ya vipande hivi. Kiwanda cha Porsche cha Ujerumani kimewahi kutoa baadhi ya magari yake yakiwa na spesa na boliti ndefu za kiwanda hicho hicho, na sheria ya Ujerumani huziruhusu ikiwa zina hati na gari limekaguliwa nazo. Australia, nchi yenye Land Cruiser nyingi na maelfu ya kilomita za barabara za vumbi, imefuata njia nyingine: mwongozo wake wa kubadilisha magari hauruhusu spesa baina ya habu na gurudumu isipokuwa zile zilizowekwa na mtengenezaji wa gari. Wenye kutetea spesa hutaja Ujerumani. Yafaa wakumbuke kwamba mkaguzi wa Ujerumani huikagua kazi iliyofanywa, na stadi hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, chombo kisichopatikana katika kila gereji ya kando ya barabara.

Wazee wa vyama huuliza pia juu ya trekta. Massey Ferguson zilizolima vijijini tangu miaka ya 1960 zilikuwa zikipanuliwa magurudumu ya nyuma kwa hatua za inchi 4 ili zilingane na matuta, wala hazikudhurika. Ni kweli, lakini upana ule ulipatikana kwa kugeuza ringi na sahani yake, kama kiwanda kilivyopanga, pasipo kutia kipande kigeni. Tena trekta halikimbii kilomita 80 kwa saa likiwa na watu juu ya magunia.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kupeleka barabarani gari lenye ubovu unaohatarisha watu, na lawama haimwishii dereva, humfikia na mwenye gari. Kwa gari la ushirika, mwenye gari ni chama. Mkataba wa bima nao hudai mabadiliko ya gari yatajwe. Chama kilichonyamaza kimempa mwenye bima sababu ya kubishana siku ya madai. Wakaguzi wa COASCO, shirika lililoanzishwa 1982, husoma hati za malipo, hawafungui magurudumu. Gurudumu la Land Cruiser pamoja na tairi lina uzito unaozidi kilo 30, na likichomoka katika mwendo halifuati gari. Huendelea peke yake mpaka likute kitu, iwe mti, pikipiki, au watoto watokao shule.

Chama ambacho gari lake tayari lina spesa kiitishe fundi azitoe zote, atazame nyuso, azisugue mpaka chuma kitupu, ahesabu mizunguko ya nati, na kuzirudisha kwa mkazo ulioandikwa katika kitabu cha gari, bila kupaka mafuta kwenye nyuzi za stadi. Baada ya safari moja ya kutoka Handeni hadi Korogwe na kurudi, kilomita 130, magurudumu yatolewe tena na nati za ndani zikazwe upya. Tangu hapo iwe kila gari linapokwenda sevisi, na kila gurudumu linapotolewa kwa sababu ya pancha. Tarehe, kilomita na jina la aliyekaza viandikwe. Dalili za kutazamwa baina ya nyakati hizo ni michirizi ya kutu itokayo chini ya nati, unga mweusi kuzunguka spesa ya alumini, mlio wa kugonga gari linapoanza kwenda, na usukani unaotetemeka ambao haukuponywa kwa kusawazisha tairi. Ikionekana moja, gari lisipakiwe.

Kwa gari la kukodi kazi ni fupi zaidi. Kabla ya gunia la kwanza kupanda, mwenye gari aulizwe kama kuna spesa, na utingo wake atoe gurudumu moja la nyuma mbele ya katibu. Si kazi ya zaidi ya robo saa. Akikataa, mzigo upewe gari jingine, na sababu iandikwe katika daftari la ukodishaji ili katibu wa zamu ijayo aikute.