Kitabu Wakati wa Janga: Maktaba na Afya ya Mtoto Wako

Leo tutazungumza juu ya maktaba. Pengine unajiuliza: maktaba na afya zina uhusiano gani? Vuta kiti, sikiliza.

Kwanza tukumbuke yaliyotupata. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini Kenya. Siku chache baadaye shule zilifungwa. Kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi. Tarehe 6 Aprili ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake. Kitengela, Ngong, Ongata Rongai na Kiserian ziliwekwa ndani ya eneo hilo, Kajiado mjini ikabaki nje. Hadi Julai, mama wa Kitengela hakuweza kumpeleka mtoto kwa nyanya yake ng'ambo ya kizuizi. Watoto wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni Oktoba 2020. Wengine walikaa nyumbani hadi Januari 2021.

Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na waliokuwa na simu na pesa za bando walisoma kwa intaneti. Je, yule asiyekuwa na simu wala stima? Mahali pa kukimbilia pangekuwa maktaba, lakini maktaba nazo zilikuwa zimefunga milango.

Mtoto aliyekaa bila kazi aliumia vipi?

Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, chumba kimoja au viwili. Mtoto akifungiwa humo miezi mingi bila shughuli, anakuwa mwenye hasira, usingizi unapotea, aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Wakubwa wanaanza kuzurura na kupata marafiki wabaya. Hizi zote ni dalili kwamba akili ya mtoto imechoka na ina wasiwasi. Usimchape kwa ajili ya dalili hizo. Msaidie.

Hapa ndipo kitabu kinapokuwa chombo cha afya. Ubongo wa mtoto hukua kwa haraka sana katika miaka ya kwanza, na maneno anayosikia ni chakula chake. Ukimsomea hadithi kila jioni kwa wakati uleule, anajua siku ina mpango, na moyo wake unatulia. Kama hujui kusoma, usione haya. Fungua picha, mwulize, "Huyu ni nani? Anafanya nini?" Zungumza naye kwa Kimaasai, Kikamba, Kikuyu au lugha yoyote ya nyumbani. Mtoto anafaidika vilevile.

Lakini je, kitabu hakileti ugonjwa?

Swali hili liliwasumbua hata wakuu wa maktaba duniani. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliweka virusi vya corona juu ya vitabu na kuvipima. Kwenye vitabu vilivyotandazwa virusi havikuonekana tena baada ya siku tatu. Kwenye vitabu vilivyorundikwa bado vilionekana baada ya siku sita. Kwa sababu hiyo maktaba nyingi ziliweka kando vitabu vilivyorudishwa kabla ya kumpa msomaji mwingine.

Baadaye ilidhihirika kwamba corona huenea zaidi kwa hewa: pumzi, kukohoa, kupiga chafya na kuongea karibu karibu katika chumba kisicho na hewa safi. Hatari ya kuipata kwa kushika kitu ni ndogo. Basi hatari kubwa ya maktaba ni chumba kilichojaa watu na madirisha yamefungwa, wala si kitabu chenyewe. Hata kifua kikuu huenea kwa hewa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo likija janga jingine la kifua, uliza kwanza: hewa inapita?

Tufanye nini sisi wenyewe?

Huko Garissa, tangu mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilibebesha ngamia vitabu na kuvipeleka kwa watoto wa wafugaji. Funzo ni kwamba msomaji asipoweza kufika maktaba, kitabu kinaweza kumfuata. Akina mama wa ploti moja, wa kanisa moja au wa chama kimoja wanaweza kufanya hivyo bila ngamia.

Moja: kila nyumba itoe kitabu kimoja au viwili, viwekwe kwenye sanduku au katoni isiyopata vumbi wala mvua.

Mbili: mchague mama mmoja wa kuandika kwenye daftari nani amechukua nini na atarudisha lini.

Tatu: watoto wasome nje kivulini, makundi madogo. Wakiwa ndani, madirisha na mlango viwe wazi.

Nne: wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Maji ya Kitengela tunanunua kwa jerikeni, kwa hivyo tengenezeni kibuyu chirizi. Kinatumia maji kidogo sana.

Tano: mtoto asilambe kidole kufungua ukurasa. Usipanguse kitabu kwa maji wala dawa, kitaharibika.

Sita: mtoto mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, apelekewe kitabu. Akipumua haraka au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, mkimbize hospitali.

Kwa mwenye simu, mradi wa African Storybook una hadithi za bure za watoto, zikiwemo za Kiswahili na Kimaasai. Mama mmoja akipakua, anaweza kuwasomea watoto wa ploti nzima.

Jambo la mwisho. Katiba ya mwaka 2010 imeweka maktaba katika kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo mkutano wa ushiriki wa umma kuhusu bajeti ukiitishwa Kajiado, nenda. Inuka, uulize: maktaba ya watoto wetu iko wapi? Na likija janga, mtatuletea vitabu kwa njia gani? Maswali haya yaulizwe sasa, kukiwa na utulivu, kwani siku ya kufungiwa hakuna mkutano.

Kumbuka: hewa safi, mikono safi, na hadithi moja kila jioni. Kinga ni bora kuliko tiba. Kwaheri, mpaka wakati mwingine.

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji

1. Mwaka 2020 watoto wa ploti yetu walikuwa wakifanya nini mchana kutwa? Nani aliumia zaidi?
2. Tukihesabu leo, tuna vitabu vingapi kati yetu? Sanduku litakaa kwa nani?
3. Nani atatuwakilisha katika mkutano ujao wa bajeti ya kaunti?