Mpira wa Kulishia na Koo Lisilokohoa

Mtu mzima akipaliwa na funda la chai hukohoa mpaka machozi yakamtoka. Kikohozi kile ndiyo kinga ya mapafu, na kiharusi kinaweza kukiondoa. Karibu nusu ya wanaopatwa na kiharusi hushindwa kumeza vizuri siku za mwanzo, na baadhi yao mate na chakula huingia njia ya hewa bila wao kukohoa hata kidogo. Hao hupitishiwa mpira puani, ukashuka kooni na kwenye umio mpaka tumboni, ili maziwa, uji na dawa vifike salama.

Hatari yenyewe ndugu wengi wa wagonjwa hawaelezwi. Mpira huo kwa kawaida huingizwa pasipo kuonekana unakopita. Muuguzi huupima kwanza kwa nje: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi kwenye chembe cha moyo, akaweka alama. Nyuma ya ulimi njia mbili zinaachana, koo la hewa mbele na umio nyuma yake, na mpira ufikapo hapo mgonjwa huombwa ameze, maana anayemeza hufunga koo la hewa. Lakini mgonjwa huyu hawezi kumeza! Mwenye afya mpira ukimpotea angekohoa, angehangaika, angemshika muuguzi mkono. Huyu anaweza kulala kimya ncha ikiwa pafuni. Ugonjwa uliomfanya auhitaji mpira ndio huohuo ulionyamazisha kengele ya hatari. Tafiti za watu wazima zinakadiria kwamba katika kila mipira 100, mmoja au miwili huingia njia ya hewa. Mwembamba wenye waya ndani unaweza hata kutoboa pafu, na chakula kikimiminwa humo, mgonjwa anaweza kufa.

Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa sikio. Hewa inapulizwa kwa sirinji, stethoskopu iko juu ya tumbo, ukisikika mvumo mpira umefika. Kipimo hiki kinadanganya, na kinastahili kuachwa kila mahali. Kati ya pafu na tumbo kuna kiwambo tu cha msuli, hivyo hewa iliyopulizwa pafuni husikika vizuri tumboni. Uingereza iliagiza kiachwe tangu 2005.

Kinachoaminika zaidi ni asidi. Muuguzi anavuta matone machache kwa sirinji, anayadondosha kwenye karatasi ya kupimia pH, analinganisha rangi. Ikisoma kati ya 1 na 5.5, hayo ni maji ya tumbo. Majimaji ya mapafu hayana ukali huo. Mgonjwa anayepewa omeprazole humchanganya mpimaji, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza asidi. Hapo, au matone yasipopatikana, inabaki picha ya eksirei, nayo yataka jicho lililofundishwa: ripoti ya Uingereza ya 2011 ilionyesha kuwa picha kusomwa vibaya ndiyo iliyoongoza kwa kusababisha ajali hizi.

Mgonjwa asiyepata nafuu ya kumeza kwa wiki kadhaa huwekewa mpira wa tumboni, unaopita kwenye ngozi moja kwa moja. Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky waliubuni kule Cleveland, Marekani, mwaka 1979, wakiongozwa na kamera iliyopitishwa mdomoni, bila kulipasua tumbo kwa upasuaji mkubwa. Unaondoa usumbufu wa pua, lakini una shida zake: kidonda kinachotoa usaha, kuvuja, na kishikizo cha ndani kuzama taratibu kwenye ukuta wa tumbo kikibanwa mno. Haifai kuuharakisha pia. Utafiti mkubwa wa FOOD, uliochapishwa 2005, ulilinganisha mipira hii miwili kwa wagonjwa wapya wa kiharusi, na waliowekewa wa tumboni mapema hawakufanya vizuri zaidi. Matokeo yao yalielekea kuwa mabaya.

Tena hakuna mpira, wa puani wala wa tumboni, unaozuia nimonia ya kupaliwa. Mate yenye bakteria yanaendelea kushuka kooni, na chakula cha tumboni kinaweza kupanda. Kumpigisha mswaki mgonjwa asiyekula kwa mdomo ni tiba, ingawa wodini husahaulika upesi. Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau uliofikia hatua ya mwisho, madaktari wa wazee wa Marekani wanashauri mpira usiwekwe kabisa; walishwe kwa mkono, polepole, kadiri wanavyoweza.

Katika hospitali zetu nyingi anayeshika sirinji ya uji ni binti au mke wa mgonjwa. Huyo afundishwe kuitazama alama ya puani kabla ya kila mlo. Ikisogea, au mgonjwa akiwa ametapika, asimimine kitu mpaka mpira upimwe upya. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, na kibaki hivyo nusu saa au zaidi baada ya kulisha. Uji uchujwe, mpira usuuzwe kwa maji kabla na baada, na ukiziba asiusukume kwa nguvu. Wa tumboni ukichomoka, tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache: awahi hospitali, asiurudishe mwenyewe, hasa kama haujatimiza mwezi, kwa sababu njia yake haijakomaa na chakula kinaweza kumwagikia nje ya tumbo, ndani ya fumbatio.